"Presha Imeshashuka, Dawa za Nini?"

Kazi yangu ni fiziotherapia, hapa Tanga wengi hutuita madaktari wa mazoezi. Wanaoletwa kwangu wengi wamepooza upande mmoja baada ya kiharusi. Nikiuliza ndugu ilikuwaje, jibu halibadiliki: alikuwa na presha, ikashuka, akaacha dawa. Nimelisikia hadi limenichosha.

Dhana: Presha ikishuka umepona, kuendelea na dawa ni kutupa hela.

Imeshuka kwa sababu ya dawa! Ukiacha, inapanda tena, na haipigi hodi. Watu wanangoja kichwa kiume ndipo wameze, ilhali mtu anaweza kutembea na 180 kwa 110 huku anauza samaki na kutania wateja. Kinachosema kweli ni kipimo. Ikikutwa 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti, hiyo ni presha, ujisikie vipi.

Halafu tupige hiyo hesabu ya hela. Vidonge vya kawaida vya presha si ghali. Mtu akipooza hawezi kurukia daladala, kwa hiyo kutoka Pongwe hadi hospitali ya Bombo anakodiwa bajaji nzima, na anahitaji wa kumshika. Nauli za wiki moja ya mazoezi mara nyingi zinapita bei ya dawa za mwezi. Ongeza pampasi za watu wazima, mpira wa mkojo, sabuni isiyokwisha, dawa ya vidonda asipogeuzwa kila baada ya saa mbili. Na haya ndiyo madogo. Kubwa ni binti aliyekuwa na meza yake ya mboga soko la Mgandini, sasa yuko nyumbani anamuuguza mama. Kipato cha mama kimekatika, cha binti kimekatika, na hilo halimo kwenye risiti yoyote.

Mwezi wa Ramadhani ndio hunitia hasira zaidi, mtu anaacha dawa kwa sababu amefunga. Dawa nyingi za presha humezwa mara moja kwa siku, zinaweza kuhamia futari au daku. Muulize daktari wako kabla mwezi haujaandama, usijipangie mwenyewe. Mchaichai na kitunguu saumu kula, sikukatazi, ila pamoja na dawa, si badala yake.

Dhana: Aliyeanguka kwa kiharusi apewe uji kwanza apate nguvu, hospitali baadaye.

Koo nalo huweza kupooza, uji ukaingia kwenye mapafu. Asipewe chochote kinywani hadi apimwe kumeza. Mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, maneno hayatoki: hospitali saa hiyo hiyo. Kisomo kifanyikie njiani.

Dhana: Akikandwa vizuri mkono utarudi.

Kukanda kunaburudisha, hakufundishi ubongo kitu. Ubongo hujifunza upya kwa kutenda. Mimi nina zoezi langu, wagonjwa wanalijua hadi wananicheka: kiti kigumu kisichoyumba, simama, kaa, simama, kaa, mara kumi, asubuhi na jioni, msaidizi karibu. Halina gharama. Na jamani, mnapomnyanyua msimvute ule mkono uliolegea. Bega linachomoka, halafu maumivu yake yanakuwa kazi nyingine.

Dhana: Kiti cha magurudumu ni kukata tamaa.

Kinamtoa kitandani, basi. Ila asipimiwe kwa macho: kipana mno kinampinda mgongo, na vile vizito vya wodini vinazama kwenye mchanga wa uchochoroni.

Dhana: Asilimia mbili za halmashauri ni sadaka kwa walemavu.

Kati ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo, 4 ni za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Ni mkopo usio na riba, na unarudishwa. Aliyepooza akabaki na ulemavu naye anahusika, wala si lazima awe amezaliwa hivyo. Waanze kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, waende na wazo la biashara ambayo mtu ataifanya akiwa amekaa.