Je, wajua? Mita ya SWR inaweza kusoma safi kabisa na antena ya gari bado ikawa haitoi kitu

Kwa muda mrefu nliamini kutyuni antena ya redio kol kwenye gari kunaisha pale mita ya SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kwenye redio kutoka kwenye antena) ikisoma 1, yaani hakuna inayorudi. Unafunga mita kati ya redio na waya wa antena, unabonyeza maiki, unapunguza ncha kidogo kidogo mpaka sindano ilale, kazi imeisha. Siku moja nikakwangua rangi na kutu chini ya kitako cha antena nikakaza na nati vizuri, namba ikapanda badala ya kushuka, nikadhani nimeharibu. Kumbe nlikuwa nimetengeneza.

Kwa kifupi, antena ya kawaida ya gari ni robo ya urefu wa wimbi. Kwenye megahezi 27 wimbi lina kama mita 11 hivo robo ni kama mita 2.7, na ile nusu nyingine ya antena ni bodi la gari lenyewe, ndo maana katikati ya paa kunashinda bampa. Ukitaka fupi unaweka koili, yaani waya uliozungushwa.

Sasa mita inapima nini hasa? Chukulia umempa mtu magunia 100 apeleke sokoni na we umekaa mlangoni unahesabu anayorudi nayo. Akirudi na 4 hiyo ni SWR ya 1.5, akirudi na 11 ni 2, akirudi na 25 ni 3, asiporudi na kitu ni 1. Lakini we uko mlangoni, sokoni hujafika, kwa hiyo gunia lililouzwa na gunia lililotupwa mtaroni kwako yanaonekana sawasawa, yote hayajarudi. Kwenye antena mtaro ni joto: koili inapata moto, kutu kwenye maungio inakula umeme, arthi mbovu, yaani muunganiko wa antena na bodi la gari, inakula zaidi. Ukinzani mtupu wa omu 50, ambazo ndo redio imetengenezewa, ukiufunga kwenye redio mita inasoma 1 kamili na hakuna anayekusikia. Hata waya mrefu unaopoteza nguvu njiani unaipendezesha namba, kwa sababu kinachorudi nacho kinaliwa njiani kabla hakijafika kwenye mita.

Hapa ndo panaponifurahisha mimi. Chukua antena fupi ya gari kwenye megahezi 7, ambako robo ya wimbi ingetaka kama mita 10. Fimbo fupi hivyo, upande wake unaorusha mawimbi kweli ni omu chache tu, tuseme 2. Kama koili na arthi zinapoteza omu 48, jumla ni 50, mita inasoma 1, na kwenye wati 100, zinazotoka hewani ni 4 tu. Haya, tengeneza arthi na weka koili nzuri, upotevu ushuke hadi 10, jumla inakuwa 12, SWR inaruka zaidi ya 4, zaidi ya theluthi ya nguvu inarudi, na bado hewani zinatoka kama wati 10! Hizo omu nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi, gari lako litakuwa na zake, na redio nyingi zikiona SWR kubwa zinajipunguzia nguvu zenyewe ili zisiungue, kwa hiyo usiendeshe hivyo hivyo.

Simaanishi mita itupwe. Kwa kujua urefu iko vizuri sana: kwenye redio ya chaneli 40, SWR ikiwa kubwa chaneli ya 40 kuliko ya 1 antena ni ndefu, punguza, ikiwa kubwa chaneli ya 1 ni fupi, ongeza. Pima ukiwa eneo la wazi, milango imefungwa, na watu wasimame mbali, maana mwili wa mtu karibu na fimbo unabadilisha usomaji.

Ila anza na arthi kabla hujagusa urefu. Kwangua mpaka bati ling'ae, unganisha boneti na buti kwenye bodi kwa waya mfupi mpana, alafu weka mita ya nguvu ya mawimbi hatua kadhaa kutoka kwenye gari, hiyo ndo iliyoko sokoni. Kama baada ya hapo sindano yake imepanda na SWR nayo imepanda, usirudishe kutu. Weka koili ndogo kwenye kitako, kutoka antena kwenda kwenye bodi, fupisha au refusha fimbo kidogo, SWR itashuka na nguvu itabaki hewani.