Kindi Mwekundu wa Uingereza: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Wengi huamini kwamba kindi mwekundu, ambaye ndiye kindi wa asili wa Uingereza, alipoteza misitu yake kwa kung'atwa na kufukuzwa na kindi wa kijivu. Simulizi hiyo inavutia, lakini haielezi kilichotokea. Kindi wa kijivu, mgeni kutoka Amerika Kaskazini aliyeachiliwa katika eneo la Cheshire mwaka 1876 na baadaye kwingineko, kwa kawaida hamuui mwenyeji wake, wala hazaliani naye. Humshinda kwa chakula: ni mzito zaidi, tena tumbo lake humeng'enya vizuri mbegu za mwaloni ambazo kindi mwekundu hazimfai sana, hivyo katika misitu ya miti ya majani mapana mmoja hunenepa huku mwingine akikosa lishe ya kumwezesha kuzaa. Pigo zito zaidi ni ndui ya kindi. Wa kijivu hubeba virusi vyake na mara chache sana huugua, ilhali mwekundu huota vidonda na magaga kuzunguka macho, mdomo na kwenye nyayo, akashindwa kuona na kula, na aghalabu hufa baada ya wiki mbili hivi.

Rangi nayo hupotosha. Kindi wa kijivu huweza kuwa na manyoya ya hudhurungi mgongoni na miguuni, naye mwekundu huweza kuwa wa kahawia iliyokolea au kuingia ukijivu wakati wa baridi. Hata vishungi vya masikioni, ambavyo wachoraji hawavisahau kamwe, hupungua sana kiangazi. Alama ya kuaminika zaidi ni mkia, kwa kuwa wa kijivu ana ukingo mweupe kuuzunguka.

Si kweli kwamba kindi hulala usingizi mzito majira yote ya baridi. Hujikunja ndani ya kiota chake cha vijiti, kilichotandikwa kuvumwani laini na nyasi, hali ya hewa inapochafuka, lakini hawezi kukaa siku nyingi bila kula.

Wala haishi kwa njugu tu. Chakula chake kikuu katika misitu ya misonobari ni mbegu zilizofichwa ndani ya koni, yaani tunda gumu la msonobari lenye magamba: huishika koni kwa mikono miwili, akatafuna gamba moja baada ya jingine, mpaka kibaki kijiti chembamba cha katikati chenye nyuzinyuzi. Hula pia machipukizi na uyoga, na uyoga mwingine huutundika matawini ukauke.

Dhana ya mwisho, inayoonekana ya busara kabisa, ni kwamba kila mla nyama msituni humdhuru. Huko Ireland na Uskoti, mla nyama mmoja wa jamii ya vicheche, aitwaye pine marten kwa Kiingereza, aliporudi kwa wingi, waliopungua ni kindi wa kijivu, nao wekundu wakarejea. Kindi mwekundu ameishi na adui huyo tangu kale na hujihadhari anaposikia harufu yake; mgeni haitambui.