Je, wajua kwa nini kuku mgeni hakosi kamba mguuni?

Methali hii tunawatupia watu zaidi kuliko kuku. Mgeni akiduwaa sebuleni, hajui aketi wapi wala aongee na nani, lazima atokee wa kumtania. Lakini pita Mikindani, Mtwara, asubuhi baada ya mtu kununua kuku, uione methali yenyewe ikitembea: mtetea kafungwa kamba ya katani kwenye shina la mwembe, anazunguka mpaka kamba inamwishia, na wenyeji wa uani wamesimama kando wakimkagua kama maafisa wa forodha.

Kwanza anafungwa asipotee. Kuku hulala pale alipozoea kulala. Jua likizama hana mjadala, miguu inampeleka kwenye kichanja au tawi la jana. Aliyeingia kwako leo hana jana hapo. Magharibi itamkuta anahangaika, apande mti wa jirani au ajibanze kichakani, na kicheche hakawii. Ukimfungia bandani kama wiki nzima, alale na kuamkia humo, kamba inakuwa haina kazi.

Hilo bibi yangu alilijua bila kusoma popote. Gumu zaidi ni kile wenyeji wanachokingojea pale kando.

Kuku wana vyeo. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyekuwa akiwatazama kuku tangu utotoni, aliandika tasnifu yake juu yao mwaka 1921. Alionyesha kwamba ugomvi wa uani una utaratibu: huyu humdonoa yule, yule humdonoa wa chini yake, na wa mwisho hudonolewa na wote. Cheo kikishajulikana ugomvi hupungua, maana mdogo humpisha mkubwa penye chakula bila kungoja kupigwa. Wanatambuana hasa kwa kichwa, pamoja na upanga, ile nyama nyekundu ya utosini.

Sasa fanya hesabu. Mitetea watano wana jozi 10 za "nani mkubwa", na zote zilikwisha amuliwa zamani. Ongeza wawili, jozi zinakuwa 21. Kesi 11 mpya zimefunguliwa siku moja, na mahakama yao ni mdomo. Ndiyo maana mgeni mmoja peke yake huonewa sana kuliko wageni watatu walioingia pamoja: mapigo yote yanamwangukia yeye. Na mgeni aliyefungwa kamba ana balaa la ziada, hawezi kukimbia. Kukimbia ndiyo namna ya kuku kusema "nimekubali, wewe mkubwa". Umemfunga, umemnyima neno hilo.

Tenga lina akili kuliko kamba. Mweke mgeni ndani ya tenga la kubebea kuku, mpe maji na pumba, liache uani kama wiki hivi. Wenyeji watakuja, watachungulia, watajaribu kudonoa kupitia matundu, kisha watachoka. Siku ya kumtoa, mwaga chakula sehemu tatu au nne zilizo mbalimbali, ili mnyonge asilazimike kulia sahani moja na mbabe. Kuna wanaomwingiza usiku kimyakimya, wakitegemea kwamba kuku haoni vizuri gizani. Inasaidia kidogo. Kunapopambazuka wanahesabiana vilevile, ila hapakuwa na fujo ya kuingia mlangoni. Jogoo mkubwa wa kuchi, wale kuku wapiganaji, kuletwa kwenye uwanja wenye jogoo mwingine ni habari nyingine kabisa, na ushauri wangu ni mmoja: usimlete.

Lakini tenga hilo lisikae uani siku ya kwanza. Hapa ndipo nilipokosea mimi.

Nilinunua mitetea wanne mwezi wa kumi, bei nzuri mno, nikawaachia ndani siku ileile. Siku ya sita mmoja akashusha mabawa na kuharisha kijani. Baadaye mwingine akapinda shingo, anatazama juu kama anayesoma mawingu. Mdondo. Wengine wanauita kideri. Kuku wasiochanjwa unaweza kuwamaliza wote, na kwangu ulibakiza mtetea mmoja mzee ambaye sijui alipona kwa dua ya nani.

Bei nzuri ile ilikuwa na maana yake. Mdondo ukiingia kijijini, wenye kuku huwahi kuuza kabla hawajafa, na kuku aliyeambukizwa anaweza kukaa siku kadhaa akila na kutembea kama mzima, hata kufika wiki mbili. Kwa hiyo mgeni akae mbali kwanza, banda lake, chombo chake cha maji, na wewe umhudumie wa mwisho baada ya kuwahudumia wenyeji. Wiki mbili ndiyo chini kabisa, tatu ndiyo salama. Siku hizo mpekue chini ya mabawa na kuzunguka mkundu kutafuta chawa na utitiri, macho na upanga kutafuta viroboto waliojigandisha.

Chanjo nayo ina saa yake. Ile ya mdondo iitwayo I-2, inayovumilia joto kuliko chanjo nyingi, hutiwa tone moja jichoni na kurudiwa kila miezi mitatu hadi minne. Mwili wa kuku unahitaji kama wiki mbili kujenga kinga, kwa hiyo wenyeji wachanjwe kabla mgeni hajafika. Kuku ambaye tayari ana ugonjwa ndani hataokolewa na tone. Na kwa kuwa chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, itafute pamoja na majirani, mchanje siku moja.

Sasa, lini? Wafugaji wa Ulaya na Marekani huongeza vifaranga majira ya machipuko, Machi na Aprili. Huko mwanga ndio unaotawala. Kuku hutaga vizuri mchana ukifika urefu wa kama saa 14, na wakati wa baridi London hupata mchana usiotimia saa nane. Kifaranga wa machipuko anakua penye joto na anakomaa kabla baridi haijarudi. Mtwara, kama nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, mchana mrefu wa Desemba unazidi saa 12 na nusu kidogo tu, na mfupi wa Juni ni kama saa 11 na nusu. Kuku wetu karibu hawauoni mwaka ukipita. Kalenda yao inakuja kwa njia nyingine: mvua, chakula na maradhi.

Oktoba hadi Desemba ndipo fedha ya korosho inapoingia, kila mtu ananunua, kuku wanasafirishwa huku na huku, na ni mwisho wa kiangazi, wakati ambao mdondo una mazoea ya kuzuka. Mvua zikikolea kumbikumbi ni wengi, lakini mbu nao wanaeneza ndui, na matandiko mabichi yanaleta kuhara damu kwa vifaranga. Mimi nimechagua Mei. Mvua zinaaga, upepo wa kusi unapoza, mpunga na mahindi yanavunwa, pumba hazina bei. Pora atakayetotolewa Mei ni wa kuuza Desemba.

Kama unaongeza vifaranga, msaidizi bora ni mtetea anayeatamia. Mpe vifaranga wa siku moja au mbili usiku, uwapenyeze chini yake mmoja mmoja huku ukiondoa mayai. Alfajiri ataamka mama. Akisita, akadonoa mmoja, waondoe haraka, usimbembeleze. Ukifuga bila mama, wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama tatu kila wiki. Wakijikunyata pamoja wana baridi, wakitawanyika midomo wazi umewachoma.

Kamba bado naifunga, lakini ni alama tu, nimtambue mgeni jioni ninapohesabu. Kitambaa laini, vidole viwili vipite ndani, mguu ubadilishwe kila siku. Na kiwe cheusi. Mwaka jana nilitumia chekundu, wenyeji wakakidonoa mpaka wakaufikia mguu wenyewe.