Makonsaltanti wa kaunti na wafanyakazi wa kudumu: tunayoamini na yaliyopo

Kila msimu wa bajeti hapa Kenya, kwenye vikao vya maoni ya wananchi, lazima kuna mtu atasimama aseme pesa za kaunti zinaliwa na makonsaltanti, wale wataalamu wa nje wanaolipwa kwa kontrakti, na mwingine atamjibu ati heri konsaltanti kuliko kuongeza watu wa kukaa ofisini kungoja penshoni. Nimehudhuria hivyo vikao miaka kadhaa na nimesoma vile vitabu vya makadirio mpaka macho yakauma, na naona pande zote mbili zimebeba mambo ambayo si kweli.

Ya kwanza ni hii: "konsaltanti ni nafuu, manake halipwi penshoni, likizo wala marupurupu." Kaunti haimlipii penshoni, ni kweli, lakini penshoni yake iko ndani ya bei, pamoja na kodi ya ofisi yake, gari lake, faida yake na ile miezi aliyokaa bila kazi, halafu kampuni ikiwa imesajiliwa kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, unaongeza asilimia 16 juu. Kwa hivo unafuu unategemea kazi ni ya muda gani na kama itarudi. Chukua daftari la thamani ya ardhi, lile la kutoza rates, ile kodi ya ardhi ya kaunti. Nairobi ilikaa karibu miaka 40 ikitumia daftari la 1980. Sasa kuthamini ploti zote za mji mkubwa kwa mpigo mmoja kunataka wathamini wengi kwa muda mfupi, ukiwaajiri wote kwa kudumu mwaka unaofuata utawapa kazi gani? Hapo konsaltanti ana maana kabisa. Lakini kusimamia barabara za wadi, kuandaa taarifa za fedha, kutunza mfumo wa kukusanya ushuru, hizo ni kazi za kila siku ya Mungu, na kumlipa mtu wa nje kwa kazi ya kila siku mwaka baada ya mwaka ni kununua maji kwa chupa na kisima kiko nyuma ya nyumba.

Ya pili ndiyo inaniuma zaidi. Watu wanaamini kaunti inaita konsaltanti kwa sababu ndani hakuna wataalamu. Kuna mahali ni kweli, kaunti za mbali zinatafuta mainjinia na mapleina, wale wa kupanga miji, na hazipati. Lakini sababu nyingine haisemwi sana, nayo imeandikwa kwenye sheria na kwenye code za bajeti, zile namba zinazoonyesha kila pesa imetumika kwa nini. Kanuni za usimamizi wa fedha za kaunti za 2015 zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Kaunti nyingi zimeshapita hapo, nyingine zilirithi wafanyakazi wa zile halmashauri 175 za zamani zilipovunjwa 2013 na hazijawahi kupumua. Sasa injinia ukimwajiri, mshahara wake unaingia kwenye code zinazoanza na 2110, na hizo ndizo zinahesabiwa kwenye ile 35. Hata kibarua wa muda yumo humo, 2110200, ingawa wengi hudhani vibarua hawahesabiwi. Lakini injinia huyohuyo akija kama kampuni analipwa kutoka 2211310, huduma za kitaalamu za kontrakti, na hiyo ni gharama ya uendeshaji, kwenye mishahara haionekani kabisa. Na kazi yake ikiitwa utafiti au usanifu wa mradi inaweza kuingia 3111400, code ya utafiti na usanifu wa miradi, na hapo sasa inahesabiwa kama maendeleo, ile asilimia 30 ambayo sheria inataka kaunti iweke kwa maendeleo. Yaani ripoti kwenye kabati inahesabiwa upande mmoja na zahanati. Sisemi kila mtu anafanya hivo kwa ubaya, ofisa wa bajeti aliyebanwa anatafuta mlango uliofunguka, lakini ukiona mishahara imeshuka kwenye ripoti usifurahi kabla hujaangalia 2211310 imepanda ngapi.

Binamu yangu ni mpimaji wa ardhi kwenye kaunti moja, sitaitaja. Ilipofika kazi ya mpango wa matumizi ya ardhi, kampuni iliyoshinda tenda ilimjia yeye kuomba ramani, mipaka, hata majina ya wazee wa kuuliza kijijini. Akawapa, ndiyo kazi yake. Ripoti ilirudi imechapishwa vizuri, ramani nyingi ni zake, na data zilizochakatwa zikabaki kwa kompyuta za kampuni kwa sababu kontrakti haikusema zirudishwe. Kwa hivo siku mpango utakapotaka kurekebishwa kaunti itabidi iwaite tena walewale. Hii hasara haina code popote kwenye bajeti na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote.

Mawakili nao. Watu husema kesi ikija lazima utafute wakili wa nje, kaunti haina wake. Tangu 2020 kuna sheria ya ofisi ya mwanasheria wa kaunti, iwe na mkuu wake na mawakili chini yake. Wa nje bado anaweza kuitwa na kuna kesi nzito zinazomhitaji, shida ni vile ada inahesabiwa: kwa utaratibu wa ada za mawakili, ada ya kupokea kesi inafuata thamani ya kinachogombaniwa, si siku ulizofanya kazi. Kesi ya ardhi ya mabilioni inazaa bili ya mamilioni hata ikiisha mapema, na bili isipolipwa wakili anaruhusiwa kudai riba ya asilimia 14 kwa mwaka. Ndio maana madeni ya mawakili wa Nairobi yamefika mabilioni na Seneti imeyauliza mara nyingi. Wakili wa kudumu halipwi kwa thamani ya shamba.

Kuna wanaosema gavana anamchagua konsaltanti anavyotaka. Sheria ya manunuzi ya 2015 inataka ombi la mapendekezo, hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi inayotakiwa, na bahasha ya kitaalamu ifunguliwe kabla ya ile ya bei. Ukiukaji upo, lakini karatasi zipo pia, na unaweza kuziomba.

Na upande wangu pia nao wanakosea, wale wanaosema fukuza makonsaltanti wote pesa itatosha dawa. Haitatosha. Fungu kubwa la matumizi ya kawaida karibu kila kaunti ni mishahara, na Mkaguzi Mkuu amekuwa akitaja watu wanaolipwa nje ya mfumo wa mishahara, kwa karatasi za mkono. Ukitoa konsaltanti ukaajiri binamu za wanasiasa hujaokoa kitu.

Kikao kijacho mimi nitauliza mambo mawili tu na ningefurahi mwenzangu wa wadi nyingine aulize hivohivo: kazi iliyolipwa kwa 2211310 mwaka huu ililipwa pia mwaka jana na mwaka juzi? Na kontrakti inasema data na nywila zinabaki kwa nani?