Ganzi ya Baiskeli Haizoeleki: Maswali na Majibu kwa Waendesha Baiskeli za Mbio wa Tabora

Vijana wanaofanya mazoezi alfajiri kwenye barabara ya Urambo na ya Nzega, pamoja na walimu na watumishi wanaokwenda kazini kwa baiskeli za mbio zenye usukani uliojikunja, hufika katika chumba cha tiba ya viungo na malalamiko yanayofanana: goti, kiuno, shingo, viganja vyenye ganzi, na ganzi nyingine ambayo hutajwa mwishoni kabisa, mgonjwa akiwa ameshashika kitasa cha mlango. Maswali yafuatayo ndiyo yanayoulizwa zaidi.

Kurekebisha baiskeli ilingane na mwili maana yake ni nini?

Mwili hugusa baiskeli katika sehemu tatu: siti, usukani na pedeli. Kurekebisha ni kuzipanga sehemu hizo tatu kwa urefu wa miguu, mikono na kiwiliwili cha anayeendesha. Baiskeli nyingi za mbio tulizonazo hapa ni za mtumba, na siti imeachwa pale ilipowekwa kwa ajili ya mtu mwingine. Hakuna anayenunua kiatu cha mtumba bila kukijaribu mguuni, lakini baiskeli hununuliwa kwa kutazama rangi na gia, kisha mwenyewe anaendesha kilomita 90 hadi Urambo na kushangaa kwa nini anaumwa.

Daktari, ganzi ya viganja na ya sehemu za siri si ndiyo dalili kwamba mwili unaizoea baiskeli?

Hapana. Ganzi si mazoea, si uchovu, wala si ushahidi kwamba umefanya mazoezi ya kutosha. Ganzi maana yake ni kwamba mshipa wa fahamu umebanwa na umeanza kushindwa kupeleka taarifa. Misuli huzoea kazi, na ngozi ya makalio huzoea siti baada ya majuma machache, lakini mshipa wa fahamu hauzoei kubanwa. Ukibanwa mara kwa mara huumia, na ukiumia sana misuli inayoutegemea hudhoofika. Wapo wanaoambiwa na wenzao wa kikundi, "Vumilia, sisi wote tulipitia hapo," nao wanavumilia hadi kikombe cha chai kinaanza kuwaponyoka mkononi. Ushauri wa namna hiyo umeharibu mikono ya watu, na ningependa wanaoutoa waache kuutoa.

Kwa nini ganzi hushika kidole cha mwisho na cha pete kuliko vingine?

Kwa sababu mshipa unaohudumia vidole hivyo hupita karibu na ngozi katika ukingo wa kiganja, upande wa kidole cha mwisho, na hapo ndipo uzito wa mwili unapotua unapouegemea usukani. Ganzi ikiwa kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, mshipa uliobanwa ni ule unaopita katikati ya kifundo cha mkono, mara nyingi kwa sababu kifundo kimekunjwa kwa muda mrefu.

Lipo jaribio dogo unaloweza kulifanya mezani. Bana karatasi kati ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, kisha mwombe mtu aivute taratibu. Mkono wenye afya huizuia karatasi huku kidole gumba kikiwa kimenyooka. Mkono ambao mshipa wa kidole cha mwisho na cha pete umeumia huiachia, au ncha ya kidole gumba hujikunja kwa nguvu ili kufidia misuli iliyodhoofu. Tazama pia nyama iliyo kati ya vidole hivyo viwili, kwa upande wa nyuma ya kiganja, na uilinganishe na ya mkono wa pili. Ikiwa imebonyea, umekwisha kuchelewa na unatakiwa kuonekana hospitali wiki hii, si baada ya mashindano.

Nirekebishe nini ili viganja visife ganzi?

Anza na siti kabla ya usukani, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Siti ambayo pua yake imeelekezwa chini mno humtelezesha mwendeshaji mbele, naye hujizuia kwa mikono safari nzima. Iweke siti iwe sambamba na ardhi, ukitumia pimamaji la fundi mwashi. Baada ya hapo tazama usukani: ukiwa chini sana au mbali sana, mikono hubeba mzigo usioustahili. Shingo ya usukani inaweza kuinuliwa au kubadilishwa kwa iliyo fupi zaidi, na viwiko vinapaswa kubaki vimekunjwa kidogo hata unaposhika vishikio vya breki. Badilisha mahali pa kushika kila baada ya dakika chache, na usijaze upepo tairi hadi ziwe ngumu kama jiwe, kwa kuwa kila kokoto utakayoikanyaga itafika kiganjani.

Na ganzi ya sehemu za siri? Nimeambiwa kwamba inamaliza nguvu za kiume, nikanunua dawa sokoni.

Dawa hiyo haiwezi kuinua pua ya siti wala kuishusha. Mtu anayekaa sawasawa hutua juu ya mifupa miwili ya makalio, ambayo imeumbwa kwa kazi hiyo. Siti ikiwa juu mno, au pua yake ikiwa imeinuka, uzito huhamia kwenye msamba, yaani sehemu iliyo kati ya njia ya haja kubwa na viungo vya uzazi, na hapo hupita mishipa ya fahamu na ya damu inayohudumia viungo hivyo. Ikibanwa kwa muda mrefu, ganzi huja, na baadhi ya wanaume hupata upungufu wa nguvu kwa muda. Kwa kawaida hali hiyo hurejea vizuri mgandamizo ukiondolewa mapema. Neno lenye uzito hapo ni mapema, na mtu anayezunguka kwa wauza mizizi kwa miezi mitatu huku akiendelea kuendesha siti ileile amelipoteza.

Isawazishe siti au uishushe pua kidogo sana, hakikisha siti haiko juu kupita kiasi cha mguu wako, nyanyuka ukasimame juu ya pedeli kila baada ya dakika kumi hivi, na uchague siti yenye mfereji au tundu katikati. Dada zetu nao hupata ganzi na maumivu hayahaya, na mara nyingi huhitaji siti pana zaidi nyuma. Wengi hunyamaza kwa aibu hadi ngozi inachubuka. Mhudumu wa afya hana la kushangaa, kwa hiyo mtajieni tatizo mwanzoni, si mlangoni.

Ganzi yangu ina wiki tatu sasa. Je, nisubiri kwanza mwezi uishe?

Usisubiri. Ganzi inayoondoka dakika chache baada ya kushuka ni onyo la kurekebisha baiskeli leo. Ganzi ambayo bado ipo kesho yake asubuhi ni sababu ya kuacha kuendesha na kwenda kupimwa. Ganzi ya wiki tatu ilipaswa kuonekana wiki tatu zilizopita. Nasisitiza, kwa kuwa kila mwezi ninasikia maneno yaleyale kwamba "ilikuwa inakuja na kuondoka": ganzi inayokuja na kuondoka ndiyo ganzi inayotibika kwa spana, na ile iliyokataa kuondoka inaweza kuhitaji mengi zaidi.

Goti linauma kwa mbele, chini ya pia ya goti. Tatizo ni nini?

Mara nyingi siti iko chini mno au imesogezwa mbele mno, hivyo goti hujikunja kupita kiasi huku likisukuma. Goti likiuma kwa nyuma, shuku siti iliyo juu mno. Nyonga zinazoyumba kushoto na kulia ni dalili hiyohiyo.

Kipimo cha kuanzia ni hiki. Simama pekupeku ukiwa umeegemea ukuta, bana kitabu kati ya mapaja na ukivute juu kwa nguvu hadi kiguse mfupa, kisha pima kutoka sakafuni hadi juu ya kitabu. Zidisha kwa 0.883. Mtu mwenye sentimita 80 atapata takriban sentimita 70.6, na huo ndio umbali kutoka katikati ya ekseli kuu, ile inayozungushwa na pedeli zote mbili, hadi juu ya siti, ukifuata bomba la siti. Ukikosa futi, kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, na mguu unyooke bila nyonga kuinama. Ukihamishia sehemu pana ya wayo kwenye pedeli, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Bomba la siti lina alama ya kikomo, usilivute kuipita. Kama alama imefika na bado siti iko chini, baiskeli hiyo ni ndogo kwako na hakuna fundi atakayeirefusha.

Baada ya kupata urefu, acha kusukuma gia nzito kwa kujionyesha. Mizunguko 80 hadi 90 ya pedeli kwa dakika katika gia nyepesi hulitunza goti kuliko mizunguko michache ya nguvu.

Lakini siti ikiwa juu hivyo, miguu yangu haifiki chini nikisimama.

Haitakiwi ifike ukiwa umeketi. Kwenye baiskeli ya mbio mtu anaposimama hushuka kutoka kwenye siti na kusimama mbele yake, huku fremu ikiwa kati ya miguu. Tabia ya kushusha siti hadi nyayo zote mbili zikanyage ardhi imetoka kwenye baiskeli za mizigo, ambako ina maana yake, kwa sababu mwenye magunia ya mkaa kwenye keria hawezi kuiacha baiskeli iegemee upande. Kwa safari ndefu bila mzigo, tabia hiyo huchosha goti bure.

Nikiweka siti nene ya sponji, si itaondoa yote hayo?

Haitaondoa. Sponji laini huzama chini ya mifupa ya makalio na kufura katikati, hivyo msamba hubanwa zaidi. Siti ngumu kiasi yenye upana unaolingana na mifupa yako, pamoja na kaptula yenye pedi inayovaliwa bila chupi, hufanya kazi vizuri zaidi. Kaptula hiyo ifuliwe kila baada ya safari. Majipu mengi ya makalioni hutokana na kuirudia ikiwa na jasho la jana. Jipu lenye homa lipelekwe hospitali, lisikamuliwe.

Kiuno na shingo je?

Usukani uko mbali au chini kuliko unavyoweza kuinama. Upandishe, ufupishe shingo yake, kisha imarisha misuli ya tumbo na mgongo.

Ninameza diklofenaki kabla ya kuanza safari ili nisisikie maumivu. Kuna ubaya?

Kuna ubaya mara mbili. Kwanza, umezima taarifa uliyohitaji ili ujue siti imekosewa wapi, nawe utaendelea kuumia bila kusikia. Pili, dawa za aina hiyo, pamoja na ibuprofeni, huweza kuchubua tumbo na kuziumiza figo, hasa mwili ukiwa na upungufu wa maji, na anayeendesha kwenye jua la Tabora la Septemba na Oktoba hupungukiwa na maji hata akiwa na chupa mbili kwenye fremu. Dawa ya kumeza ili uweze kuendelea kujiumiza si tiba, hata kama muuza duka la dawa amekupa bila kuuliza swali.

Ni dalili gani hazisubiri hata siku moja?

Kushindwa kukojoa, mkojo au haja kubwa kutoka bila kujua, ganzi ya msamba inayoambatana na maumivu ya kiuno, na miguu kuishiwa nguvu. Mwenye mojawapo ya hizo aende hospitali siku hiyohiyo, hata usiku, kwa sababu mishipa ya fahamu ya chini ya uti wa mgongo inaweza kuwa imebanwa, na hapo saa zina thamani. Usianze na kukandwa. Usianze na sindano ya mtaani.

Nikirekebisha mwenyewe, nifanyeje nisiharibu?

Chora alama ya wino au funga utepe mahali siti ilipokuwa, ili uweze kuirudisha. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, milimita 5 au pungufu, kisha uendeshe safari mbili tatu fupi kabla ya kugusa kingine. Anayebadilisha siti, usukani na viatu siku moja hatajua kilichomsaidia wala kilichomdhuru. Maumivu ya kawaida hupaswa kupungua ndani ya majuma mawili. Yasipopungua, njoo kliniki na baiskeli yenyewe na viatu unavyoendeshea, maana urefu wa siti haupimwi kwa maelezo ya mdomo.