Laini kubwa za umeme na kansa: hofu yetu tumeiweka pasipo pake

Mimi ni injinia wa umeme, kazi yangu ni hizi laini za msongo mkubwa, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama kuishi karibu na zile nguzo ndefu za chuma kunaleta kansa. Wanaouliza sana ni wazazi, na nawaelewa kabisa, mtoto ni mtoto.

Wengi wanadhani kinachotoka kwenye nyaya ni kama eksirei. Hapana. Eksirei ina nguvu ya kuharibu DNA ndani ya seli, umeme wa laini unakwenda na kurudi mara 50 au 60 tu kwa sekunde na nguvu yake haifiki huko hata kidogo. Kuna uga wa umeme (uga ni eneo ambalo nguvu hiyo inafika), huo kuta na miti zinaupunguza sana, halafu kuna uga wa sumaku, huu unapenya ukuta ila ukisogea mbali unashuka haraka.

Sasa hofu imetoka wapi? Mwaka 1979 Nancy Wertheimer na Ed Leeper walichapisha utafiti wa Denver, Marekani, uliohusisha nyaya za karibu na nyumba na kansa kwa watoto. Baadaye tafiti nyingi zikajumlishwa, ikaonekana kwa watoto wachache sana ambao nyumbani kwao uga wa sumaku kwa wastani unazidi mikrotesla 0.4 (mikrotesla ni kipimo cha uga wa sumaku), kansa ya damu inatokea kama mara mbili zaidi. Ndo maana 2002 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, IARC, likaweka uga huu kundi 2B, yaani huenda unasababisha. Huenda! Mtandaoni watu wanalifuta hilo neno wanabaki na "unasababisha". Maabara hazijapata njia yoyote inayoeleweka ya uga mdogo hivyo kuleta kansa, na 2007 Shirika la Afya Duniani, WHO, likasema ushahidi hautoshi kusema ndio chanzo. Kikomo cha kimataifa cha 2010 kwa raia, kwa madhara ya papo hapo ya uga huo, ni mikrotesla 200, na chini ya laini kubwa kwa kawaida hufiki huko.

Kinachoniumiza mimi ni kwamba mtu anaogopa kansa halafu ananyanyua bomba la chuma au antena chini ya nyaya hizohizo. Nyaya nyingi za laini hizi hazina plastiki juu yake, na msongo mkubwa unaweza kuruka hewani kabla hujagusa kitu, hapo unaua mara moja.

Waya ukianguka usiusogelee hata kama umetulia kimya, kaa mbali angalau mita 10, zuia na wengine, piga simu kwa watu wa umeme. Kama umejikuta karibu nao tayari, usipige hatua ndefu wala kukimbia, maana ardhi yenyewe ina umeme na mguu mmoja ukiwa mbali na mwingine umeme unapita mwilini mwako, bana miguu pamoja uburuze taratibu bila kuinua nyayo. Ukiwa ndani ya gari baki humohumo mpaka wakate umeme, labda gari liwake moto, hapo ruka nje miguu yote pamoja bila kushika gari na ardhi kwa wakati mmoja.