Kemikali sio mdudu, haifi kwa moto

Naandika haya manake nimechoka kujibu maswali ya sumu kwenye chakula mgonjwa akiwa tayari macho yamegeuka njano.

Sumu kwenye chakula ndo nini?
Kemikali ambayo haikutakiwa kuwemo: madini ya risasi na zebaki, mabaki ya dawa za wadudu, au sumukuvu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi na karanga.

Nikichemsha sana si inakufa?
Hapana. Haifi kwa sababu haijawahi kuwa hai. Kinachokufa ni ukungu, sumu yake inabaki humohumo kwenye sufuria, na risasi na zebaki ndo hazina habari kabisa na moto wako. Kuchambua na kutupa punje mbovu kunapunguza sumukuvu, kupika hakuitoi.

Mnajuaje mtu amekula sumu kiasi gani?
Tunachukua kiasi cha sumu kwenye chakula, tunazidisha na kiasi unachokula, tunagawanya kwa uzito wako. Ndo maana mtoto wa kilo 12 akila sahani sawa na mtu wa kilo 60 yeye amepata mara tano kwa kila kilo ya mwili, na bado mnamwongezea kijiko. Kwa hiyo nikikuuliza jana ulikula nini usinijibu "kawaida tu", kawaida haipimiki. Tunaweza pia kupima mwili wenyewe: risasi kwenye damu, zebaki kwenye nywele, na nywele zinaota kama sentimita 1 kwa mwezi so zinatunza hadi historia ya nyuma.

Alafu kwenye tafiti za mlo mzima chakula kinapikwa kwanza kama mnavyopika nyumbani ndo kinapelekwa maabara, na sumu bado inasoma. Kimepikwa, jamani. Bado inasoma.

Mbona nimekula miaka yote na sijafa?
Kidogo kidogo haiui leo. Sumukuvu inakula ini taratibu, hausikii kitu, na kama una homa ya ini B hatari ya kansa ya ini inapanda sana kuliko mwenye kimoja tu. Ukisubiri dalili umeshachelewa.

Basi mahindi yenye ukungu tuwape ng'ombe?
Sumukuvu inatokea kwenye maziwa, alafu unamchemshia mtoto ukidhani umemaliza kazi. Hujamaliza, kuchemsha hakuitoi hata huko.

Watu wawili watatu nyumbani wametapika, tumbo linauma, macho njano, tuwape maziwa wakate sumu?
Msiwape maziwa, msiwape mafuta, msiwatapishe. Nendeni hospitali sasa hivi, sio kesho asubuhi, sio baada ya kuona kama itatulia. Kama mtu anatoka mate na jasho jingi na kupumua ni shida hiyo inaweza kuwa dawa ya wadudu na hapo tunahesabu dakika. Chakula kilichobaki na unga wake msitupe, fungeni kwenye mfuko mje nao, manake kila mara naambiwa "tulishaosha vyombo" na mimi nabaki sina cha kupima.